Kugeuza nduthi ya CG 150 iwe skrambla: inaendeshekaje kwenye changarawe?

Njoro_Juu:
Wadau, salaam. Nina nduthi ya Kichina yenye injini ya CG 150, rimu za spoksi inchi 18 mbele na nyuma, breki za drami. Nataka kuigeuza iwe skrambla (pikipiki ya barabarani iliyorekebishwa kwa njia za vumbi) ya mtindo wa miaka ya 60: kiti bapa kifupi, egzosi ya juu, tairi za meno, usukani mpana. Njia zangu ni Njoro hadi Mau Narok, na mara nyingine Nakuru hadi Kisumu kwa lami. Picha ni tele mitandaoni, ila hakuna anayeeleza pikipiki hizi zinaendeshekaje baada ya kazi kuisha. Nianzie wapi, na ni nini huharibika?

Fundi_Kondele:
Anzia kwenye shoki za nyuma na foku, yaani miguu ya mbele yenye springi. Kiti na rangi vije mwisho. Honda CL72 na Ducati Scrambler za 1962 zilikuwa pikipiki za barabarani zilizoinuliwa na kupewa usukani mpana, si mashine za mashindano. Hata yako itakuwa hivyo, kwa hiyo usitarajie iruke mitaro.

Nyuma: pima shoki zako kutoka tundu hadi tundu, kisha usiongeze zaidi ya milimita 20 hadi 25. Wengi hufunga shoki ndefu kupita kiasi kwa sababu ya sura. Umbali kati ya ekseli mbili za CG ni karibu milimita 1,280, hivyo ukiinua nyuma milimita 25, foku inasimama wima zaidi kwa nyuzi 1 hivi. Kwenye lami huwezi kuhisi sana. Kwenye changarawe legevu ukiteremka, mbele inakuwa nyepesi na usukani unaanza kutikisika. Ukiinua nyuma, inua na mbele: kata vipande viwili vya bomba, milimita 15 hadi 20 kila kimoja, vilingane kabisa, uviweke juu ya springi za foku. Mwaga oili ya zamani, pima iliyotoka, kisha tia mpya ya 15W kwa kiwango sawa pande zote mbili. Oili ikitofautiana, foku inajipinda kila unapofunga breki.

Shoki zikishaongezeka, cheni lazima ipimwe upya. Toa shoki moja, fungua bolti ya chini ya ile nyingine, uinue gurudumu mpaka sproketi ya mbele, pivoti ya swingaamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vikae mstari mmoja. Hapo ndipo cheni hukaza kuliko popote. Ibakishe ulegevu wa milimita 10 hivi. Ukiipima pikipiki ikiwa kwenye stendi tu, utaikaza mno, na beringi ya sproketi ya mbele itakufa mapema. Angalia pia kama cheni inasugua swingaamu kwa juu; kipande cha mpira mgumu hapo kinatosha.

Mtaa_wa_Kakamega:
Nakubaliana na Fundi, naongeza ya tairi. Mbele weka 3.00-18 (upana kwa inchi, kisha rimu), nyuma 4.10-18, na usizidi hapo. Rimu ya kawaida ya CG ni nyembamba. Tairi pana zaidi hubanwa kingo na kuwa na mgongo wa duara, na kwenye kona pikipiki inaangukia ndani ghafla. Kabla ya kununua, pima nafasi kati ya tairi na swingaamu, na kati ya tairi na cheni. Angalau milimita 10 kila upande.

Tairi ya 4.10 ina kipenyo kikubwa kuliko ile ya 3.00 kwa asilimia 3 hadi 4, kwa hiyo giya zinakuwa nzito, na kwa mlima wa Mau Narok utalia. Ikiwa sproketi ya mbele ni ya meno 15, weka ya 14. Hiyo inapunguza mwendo kwa karibu asilimia 7 na kurudisha nguvu ya kupanda. Gharama yake utaiona kwenye lami: injini itazunguka zaidi kwa kasi ileile.

Madgadi ya mbele iinue ikae milimita 50 hadi 60 juu ya tairi. Ule udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, mvua ikinyesha hujaa katikati ya tairi na madgadi ya chini hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Na jua hili: tairi za meno kwenye lami yenye maji zinashika vibaya sana, hasa ukifunga breki katikati ya kona. Drami ya CG pia si kali. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele.

Kuhusu egzosi ya juu, mimi ningeacha ya chini. Ya juu inaunguza mguu wa abiria, inakula nafasi ya mzigo, na mito ya kuvuka kwenye njia zako haina kina kiasi hicho.

Kabureta_Nakuru:
Egzosi ya juu inawezekana, ila CG ina tatizo lake: bomba linatoka upande wa kulia, na kiki ya kuwashia iko kulia pia. Lipitishe juu ya kifuniko cha klachi, halafu uzungushe kiki mzunguko wote kwa mkono kabla ya kuchomelea chochote. Fundi akikunja bomba kwa kujaza mchanga, mchanga uwe mkavu kabisa; wenye unyevu hutoa mvuke na bomba linaweza kupasuka likipashwa moto. Kinga ya joto ikae milimita 10 mbali na bomba, ikitenganishwa nalo kwa washa za bolti.

Boksi ya hewa usiitoe. Kile kichujio kidogo cha koni kinapendeza, lakini vumbi la changarawe linapita, ringi zinaisha, na mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi.

Sasa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, maana njia yako inapanda na kushuka. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Mau Narok zaidi ya 2,700. Ukipanga jeti kuu kwa Mau Narok, ukiteremka Kisumu kwa kasi injini itakosa petroli ya kutosha, itapata joto na pistoni iko hatarini. Panga kwa ajili ya Kisumu. Huko juu petroli itazidi kidogo na plagi itapata masizi, ila injini haiharibiki. Badilisha namba ya jeti kwa hatua ya 5, kwa mfano 100 kwenda 105, kisha angalia rangi ya plagi ya D8EA: kahawia ni sawa, nyeupe ni hatari, nyeusi kavu ni petroli nyingi.

Njoro_Juu:
Asanteni sana. Egzosi nitaiacha ya chini kwanza. Lakini fundi anataka kukata fremu nyuma ya shoki ili kiti kiwe kifupi. Ni salama?

Fundi_Kondele:
Ni salama akikata nyuma ya mahali shoki zinapofungwa, angalau milimita 40, na asiguse mabano yake. Kitanzi cha kufunga fremu kiwe cha bomba la ukuta wa milimita 2, na ndani ya kila kiungo kuwe na kipande cha bomba jingine cha milimita 50, kimechomelewa pia kupitia matundu. Kuunganisha ncha kwa ncha peke yake hupasuka kwenye mashimo. Betri na CDI (kifaa cha umeme wa cheche) vitolewe kabla ya kuchomelea. Kiti kikibaki cha mtu mmoja, toa na vikanyagio vya abiria. Ukibadilisha rangi au injini, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri wa barabarani, yaingie kwenye logbook.

Usukani ukishafungwa, washa injini iungurume kwa utulivu, uuzungushe hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Mlio ukipanda, kebo ya aksileta ni fupi. Tafuta ndefu zaidi kabla ya kwenda popote. Kebo za klachi na breki zikague vivyo hivyo.