Naweza kumtetea mtoto apate dawa bila kuitetea bangi?

Mpwani_Luton:

Wakuu, salaam. Mimi mtu wa Mombasa, Uingereza nina miaka 19 sasa. Kazi yangu ukalimani hospitalini. Nimekwama mahali, nisaidieni.

Jirani yangu, Mtanzania, ana mtoto wa kiume wa miaka 7 mwenye kifafa cha Lennox-Gastaut. Huyu mtoto hatetemeki tu, anaanguka. Yuko wima anacheza, ghafla yuko chini kama gunia lililokatwa kamba. Anavaa kofia ngumu hata sebuleni. Dawa tatu zimejaribiwa.

Juzi mamake akaniita kwake ghorofani, akafunga mlango, akashusha sauti kama mtu anayetaka kukopa pesa. "Kaka, nimesikia kuna dawa inatokana na kile kitu. Alhamisi ijayo tunaonana na daktari bingwa. Nataka uje, lakini usije kama mkalimani. Uje useme na wewe."

Neno bangi hajalitamka hata mara moja. Mumewe hataki kusikia. Anasema watu wa msikitini wakijua, mtoto ataitwa mvuta bangi kabla hajajua kusoma.

Sasa mkalimani, kwa mafunzo tuliyopewa, hana lake. Anapitisha maneno tu. Mtetezi wa mgonjwa anasema nini? Nimepekua mitandaoni, watetezi wengi wa dawa hii naona wanataka bangi ya kila namna ihalalishwe, na mimi huko simo. Nina baba mdogo Likoni ambaye bangi ilimla akili, sikuhadithiwa, niliona. Ndiyo maana nauliza hilo la kwenye kichwa cha mada.

Kobe_wa_Mtwapa:

Mkuu, kwanza vua kofia ya mkalimani mlangoni. Ya mtoto muache nayo.

MamaRehema_Bham:

Kaka Mpwani, pole na jukumu. Mimi binti yangu ana miaka 12, kifafa chake kinaitwa Dravet, na anatumia hiyo dawa. Nitakwambia nilipokosea ili jirani yako asikosee.

Siku ya kwanza mbele ya daktari bingwa nilizungumza karibu dakika ishirini. Nililia. Nilimweleza jinsi ninavyolala na mkono juu ya kifua cha mtoto. Yule daktari alikuwa mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwezi uliopita alianguka mara ngapi?" Nikajibu, "Mara nyingi sana, daktari." Nikaiona kalamu yake imesimama. "Nyingi sana" haiandikiki.

Nikarudi nyumbani nikanunua daftari la shule, lile la mistari. Tarehe, saa, aina, dakika ngapi, alikuwa amekula nini, amelala saa ngapi. Miezi minne. Niliporudi nilisema maneno machache mno: 41, 38, 44, 52. Safari hii kalamu ilitembea.

Tena si adabu ya hospitali tu. Hapa Uingereza NICE, shirika linaloamua dawa zipi zitolewe na hospitali za serikali, liliikubali Epidyolex, ndiyo hiyo dawa itokanayo na bangi, mwezi Desemba 2019 kwa Dravet na Lennox-Gastaut, itolewe pamoja na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, kwa mtoto aliyekwisha jaribu dawa mbili au zaidi bila kutulia. Na kila miezi sita wanaangalia: kama idadi haijashuka angalau kwa asilimia 30, dawa inasimamishwa. Asilimia 30 ya nini, kama hukuhesabu? Kwa hiyo kazi yako ya kwanza Alhamisi ni kuhakikisha namba zimeingia chumbani kabla ya machozi. Ya pili, daktari akisema hapana, muulize kwa upole sababu, na umuombe aiandike kwenye barua. Hapana ya mdomo haina pa kupelekwa.

Kuhusu aibu ya kile kitu: mwezi Juni 2018 Charlotte Caldwell, mama wa Ireland ya Kaskazini, alitua Heathrow akitoka Canada na mafuta ya bangi ya mwanawe Billy, mwenye kifafa. Hakuyaficha kwenye nepi. Aliyaleta mchana kweupe, mbele ya waandishi wa habari, na forodha wakayachukua. Siku chache baadaye Billy yuko hospitalini London, na waziri wa mambo ya ndani, Sajid Javid, akalazimika kutoa kibali cha dharura. Mwezi huohuo Hannah Deacon, mama wa Alfie Dingley, naye mtoto wa kifafa, akapata kibali cha mwanawe. Huyu alikuwa amempeleka mtoto Uholanzi, akaona mwenyewe dawa inavyomsaidia, akarudi, na Machi akaingia Downing Street kuonana na waziri mkuu wa wakati huo, Theresa May. Tarehe 1 Novemba 2018 sheria ikabadilika, madaktari bingwa wakaruhusiwa kuandika dawa za bangi.

Msifurahi mapema. Kuruhusiwa kuandika si kuandika. Mafuta yenye THC, kile kiini cha bangi kinacholewesha, kama ya Alfie, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, imewaandikia watoto wachache mno. Familia nyingi bado zinalipia kliniki za binafsi. Hannah aliendelea kupigania watoto wa wenzake wakati wake ameshapata. Mimi nikiulizwa mtetezi ni nani, namkumbuka yeye kwa hilo, kuliko kwa picha ya Downing Street.

Dereva_Oakland:

Mpwani, hilo swali lako si geni huku kwetu California, watu waligombana nalo miaka.

Nilifika hapa 1997 kutoka Tanga, nikaendesha teksi San Francisco. Abiria wa makamo walikuwa bado wanamtaja Brownie Mary, jina lake hasa Mary Jane Rathbun. Bibi kizee, maisha yake yote mhudumu wa mikahawa, binti yake wa pekee alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa anaoka keki za chokoleti zenye bangi na kuziuza. Polisi wakamkamata 1981, hakimu akampa adhabu ya kufanya kazi za kujitolea. Adhabu ikamfikisha kwa wagonjwa wa UKIMWI, na alipoimaliza hakuondoka. Wale vijana walikuwa wanakonda hadi mifupa, chakula hakishuki, na wengi wazazi wao hawataki hata kuwaona. Keki ziliwarudishia hamu ya kula. Akawaita "watoto wangu", akawapikia bure, akajitolea miaka katika wodi 86 ya hospitali kuu ya San Francisco. Mwaka 1992 wakamkamata tena na unga wa keki mezani, ana miaka karibu sabini. Kesi ikafutwa.

Daktari mmoja wa hospitali hiyohiyo, Donald Abrams, akaanza kuomba kibali cha kuifanyia bangi utafiti kwa wagonjwa hao. Serikali ya Washington ilimzungusha hadi 1997. Wapigakura hawakungoja: Novemba 1996 California ikapitisha sheria ya bangi ya tiba kwa asilimia 55.6.

Sasa sikiliza. Aliyeongoza kampeni ile, Dennis Peron, alikuwa akishikilia kwamba kila anayetumia bangi anajitibu. Kila anayetumia! Mimi sikubaliani naye, nimebeba wengi kwenye teksi ambao hawakuwa wakitibu kitu. Lakini bila watu wa aina yake sheria isingepita, na bila bibi wa keki wao wasingesikilizwa. Nakuambia hivi kwa sababu naona unataka mikono yako ibaki safi. Sidhani kama inawezekana kwa asilimia mia. Nenda tu.

Mfamasia_Ilala:

Mengi yameshasemwa, naongeza ya dawani. Epidyolex ni kanabidioli, kiini kimoja cha bangi, kilichosafishwa, hailewishi kama bangi ya kuvuta. Ikikutana na klobazamu mtoto anaweza kusinzia kupita kiasi. Ikikutana na valproeti, nayo dawa ya kifafa, ini linaweza kulalamika, kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kuanza na baada ya kuanza. Mtajieni daktari kila dawa, hata ya mitishamba. Mafuta ya kanabidioli ya madukani yasiguswe kama mbadala.

Mawili ambayo baba atauliza, afadhali mjue mapema. Imetengenezwa kwa mafuta ya ufuta, kama mtoto ana mzio wa ufuta msemeshe daktari. Na ndani yake mna ethanoli, yaani alkoholi. Msimfiche mzee. Aende akamuulize shehe wake akiwa na karatasi ya dawa mkononi. Mzazi akigundua baadaye mwenyewe, chupa itaishia kwenye sinki.

Na wakija likizo Dar, wasipande ndege na chupa kabla ya kuuliza ubalozi kwa maandishi. Huku bangi ni kosa, na afisa wa uwanja wa ndege hamjui Lennox wala Gastaut.

Mpwani_Luton:

Asanteni sana wakuu. Dereva, umenichoma, lakini nimekusikia.

Jana nilipanda kwa jirani kumwambia habari ya daftari. Akanipeleka jikoni. Nyuma ya mlango kuna kalenda ya duka la nyama, na kila siku ina nukta za kalamu, nyekundu na buluu. Mwezi uliopita tulihesabu pamoja, 63. Nikamuuliza rangi mbili za nini. Nyekundu ni zake, za mchana. Za buluu ni za usiku, yeye usiku huwa amechoka anapitiwa na usingizi. Anayekaa macho na kuweka nukta ni mumewe.

Huyo baba nimemwachia namba ya mfamasia wa hospitali amuulize mwenyewe la ethanoli. Alhamisi kalenda tunaing'oa ukutani tunaenda nayo.