Tupeane uzoefu: Utazamaji wa ndege ulikuingiaje, na umekukutanisha na nani?

Ndugu wanajamvi, naanzisha mada hii kwa kuwa mazungumzo ya utazamaji wa ndege huishia kwenye darubini na kamera, ilhali wengi wetu tumebaki kwa sababu ya watu. Mimi nilinaswa na ndege aitwaye teleka, pale jirani yangu aliponieleza namna ya kumtofautisha na mbayuwayu, maana wote wawili huwinda wadudu angani: mbayuwayu hutua kwenye nyaya, ilhali teleka, mwenye mabawa yaliyopinda kama mundu, ana miguu mifupi mno inayoweza kung'ang'ania ukuta lakini si kukaa juu ya waya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwamba baadhi ya teleka wanaozaliana Ulaya hukaa angani miezi 10 bila kutua. Tangu hapo mimi na jirani tuna la kuzungumza. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, ahsante kwa mada. Mimi nina uoni hafifu, na nilidhani mambo haya hayanihusu, hadi rafiki aliponialika kwenye matembezi ya alfajiri, saa ambayo ndege huimba zaidi na mwanga ni mdogo kiasi kwamba hata wenye macho mazima wanategemea masikio. Leo nina nafasi yangu katika kikundi: nasikia mlio, nanyoosha kidole, na kijana aliye kando yangu anaelekeza darubini huko, kisha ananisimulia rangi ya kifua, umbo la mdomo na jinsi mkia unavyotikisika. Yeye ananiazima macho nami namwazima masikio.

Mchangiaji wa pili:
Mimi niliingia kupitia takwimu. Kwenye eBird, jukwaa la mtandaoni la kurekodi ndege unaowaona au kuwasikia, lililoanzishwa mwaka 2002, orodha kamili ya ndege wote uliowatambua ina uzito kuliko picha ya ndege mmoja adimu, kwa kuwa hata aina ya ndege isiyotajwa kwenye orodha huwaambia watafiti jambo: huenda haikuwepo. (Wapiga picha mtanisamehe.)

Mchangiaji wa tatu:
Naongeza la adabu. Kikundi chetu hakiruhusu kumpigia ndege rekodi ya mlio wa aina yake wakati wa kutaga, kwani dume hudhani amevamiwa na hupoteza nguvu kumtafuta mpinzani asiyekuwepo. Wageni wengine hununa wakiambiwa hivyo. Waliokubali ndio ninaoamka nao alfajiri.