Tupeane uzoefu: uliwahi kushiriki uchaguzi mdogo wa ubunge hapa Dar?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kuna dogo kazini kwetu Kariakoo anabisha mpaka povu kwamba mbunge akishachaguliwa ndo imetoka, hakuna kurudi kituoni mpaka miaka 5 iishe. Nilipomwambia Kinondoni na Ukonga wote walirudi kituoni mwaka 2018, alidhani namtania. Basi waliokuwepo, uwe mpigakura, wakala, mpambe au mfanyabiashara tu uliyekutwa na msafara, tupeni ilivyokuwa. Chama gani bora tuachie uzi mwingine.

Naanza mimi. Nilipiga Kinondoni, Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2018. Kwa wasiokumbuka: Maulid Mtulia alishinda 2015 kwa tiketi ya CUF, Desemba 2017 akajiuzulu, akahamia CCM, halafu CCM ikamsimamisha kugombea kiti kilekile alichokiacha. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Salum Mwalimu wa Chadema.

Kilichonishangaza ni kituo. 2015 tulipanga foleni tangu giza, watu wanagombana nani kamkuta nani. Safari hii niliingia, nikapewa karatasi moja, nikatumbukiza kwenye sanduku moja, nikapakwa wino kidoleni, nikaondoka. Wasimamizi na mawakala walikuwa wengi kuliko sisi wapigakura. Lakini pia jana yake kulikuwa kumechafuka. Mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji alipigwa risasi akiwa amekaa ndani ya daladala, wakati maandamano yanatawanywa, akafa. Mtaani kwetu akina mama walisema wazi, leo hatoki mtu hapa. Mtulia alipata kura elfu 30 na ushee, Mwalimu elfu 12 na ushee, kwenye jimbo lenye waliojiandikisha zaidi ya laki 2. Hesabu hiyo kila mtu aitafsiri anavyojua.

Fundi wa Tandika

Nyie hiyo 2018 mnaiona ya zamani. Uchaguzi mdogo ni Temeke 1996! Mrema alikuwa ametoka kushindwa urais 1995 na NCCR-Mageuzi yake, akaja kugombea ubunge kwetu. CCM walimweka Abdul Cisco Mtiro. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, kazi haikufanyika kipindi chote kile, maana mteja akija kupima suruali anaishia kubishana. Mikutano ilikuwa inajaa mpaka watoto wanapanda juu ya miembe. Vijana walewale waliosukuma gari la Mrema mwaka wa nyuma walirudi wakiwa na sauti zimekauka.

Na Mrema akashinda. Chama kinachotawala, serikali mkononi, na bado kikapoteza kiti katikati ya Dar. Leo ukimsimulia kijana anakuona unamkumbuka babu yako tu.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Wakala Mstaafu

Mimi nilikuwa wakala Kinondoni hiyohiyo, chama sitaji. Watu wanadhani kazi ya wakala ni kukaa kwenye kiti na kula posho. Kwanza lazima uape kiapo cha kutunza siri, halafu uwe na barua ya utambulisho. Bila hiyo barua hata ukiwa na kitambulisho cha chama shingoni unabaki nje. Yangu ilichelewa. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi, mimi nimesimama nje ya geti nasikia ndani sanduku linaonyeshwa kwamba ni tupu, linafungwa lakiri, na mimi ndiye niliyetakiwa kulichungulia. Yaani nilikuja kukaa kitini jua limeshatoka vizuri.

Jioni saa 10 kituo kikafungwa, tukaanza kuhesabu. Sanduku linamwagwa mezani, msimamizi ananyanyua karatasi moja moja, anatuonyesha, anataja jina, sisi kila mmoja anachora vijiti kwenye daftari lake. Kuna karatasi ilinyanyuliwa, tukanyamaza wote. Mpigakura hakuweka alama kwa mgombea yeyote, ameandika kwa herufi kubwa katikati ya picha zao: NJAA. Msimamizi akaigeuzageuza, akasema hii imeharibika. Hakuna wakala aliyebisha, na siku hiyo tulikuwa tumebishana mpaka kuhusu feni. Baada ya hapo ni kujaza fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, kusaini, kila wakala anapewa nakala yake. Dogo yeyote anayetaka kuwa wakala, asiondoke bila hiyo nakala hata kama kaahidiwa lifti.

Chanika Finest

Ukonga, tarehe 16 Septemba 2018. Mwita Waitara alitoka Chadema Julai akaenda CCM, ikabidi turudi. Chadema wakamweka Asia Msangi.

Mimi nilikuwa na miaka 20. Nimetembea na msafara Gongo la Mboto, Pugu, mpaka Chanika, nimeimba mpaka koo likauma. Siku ya kura sikuwa na pa kwenda, maana uchaguzi ule ulitumia daftari la 2015, na mimi 2015 sikuwa nimetimiza 18. Rafiki zangu wote vilevile. Tulikaa kijiweni tunahesabu wazee wanaopita. Waitara akashinda kwa kura zaidi ya elfu 77, Asia elfu 8 hivi.

Keko Juu

Sisi Temeke hatukupiga kabisa. Abdallah Mtolea alijiuzulu kutoka CUF Novemba 2018, akaenda CCM, uchaguzi ukapangwa tarehe 19 Januari 2019. Akapita bila kupingwa. Nilikuwa nimeitafuta kadi yangu nyumba nzima.

Bodaboda Makini

Swali la kijinga labda. Kwa nini mtu akihama chama anapoteza kiti? Si tulimchagua yeye?

Mwanasheria wa Mtaani

Si la kijinga, mkuu. Kwetu mgombea binafsi hayupo, lazima uwe na chama, na ibara ya 71 ya Katiba inasema ukiacha uanachama wa chama kilichokuingiza bungeni, ubunge unakoma. Ndiyo maana hao wote walijiuzulu kwanza. Ibara hiyohiyo ina mengine: ukikosa mikutano 3 mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, kwaheri. Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki yalimkuta 2019. Na kiti kinaweza kubaki wazi kwa heri pia: Buhigwe walipiga kura Mei 2021 kwa sababu mbunge wao, Dk. Mpango, alikuwa amekuwa Makamu wa Rais.

Viti maalum havina uchaguzi mdogo, Tume ya Uchaguzi inachukua jina kwenye orodha ya chama husika. Na ikibaki miezi 12 au pungufu Bunge livunjwe, kiti kinaachwa hivyohivyo mpaka uchaguzi mkuu.

Bodaboda Makini

Asante kiongozi. Mimi nachojua tu ni mafuta. Kipindi cha kampeni unajaziwa tanki, unapewa fulana, unapiga honi. Natamani wahame kila mwezi.

Mama Wali Nazi

Wewe ulijaziwa tanki, mimi nilikombwa sufuria. Nauza chakula jimbo mojawapo kati ya hayo mliyotaja. Timu ya kampeni ya chama fulani ilikuja, kijana mmoja mstaarabu kweli, ananiita mama, ananiambia andika tu, tutalipa kwa wiki. Asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage, wakirudi mkutanoni jioni wanataka samaki. Wiki ya kwanza walilipa bila shida, ndiyo nikaingia mkenge. Nikakopa mchele gunia dukani. Kura zikapigwa, mgombea wao akatangazwa mshindi, nilishangilia kama ndugu yangu. Kesho yake napiga simu ya yule kijana, haipatikani. Nikaenda ofisini kwao na daftari langu, wananiangalia, wananiambia huyo alikuwa mtu wa kutoka mkoani, kashaondoka.

Mwanzisha uzi

Pole sana mama. Walikulipa mwishoni?

Mama Wali Nazi

Nusu, tena baada ya kumsubiri mheshimiwa mwenyewe kwenye msiba, nikamwonyesha daftari mbele za watu. Hiyo nusu nyingine hajatoa mpaka leo. Siku hizi msafara wowote ukipita kwangu, pesa kwanza ndiyo sahani.