Datsun 160J ya mashindano: pampu ya mafuta ikarabatiwe, inunuliwe nyengine, au iwekwe ya umeme?

mwana_bububu
Assalam aleikum wakubwa. Nina Datsun 160J, injini L16, kabureta mbili za Weber. Naitengeneza nije niivushe Bara kwa mashindano. Mjini inakwenda bila ya taabu. Nikitoka nje ya mji nikaikanyaga mpaka mwisho, haichukui muda inakatika nguvu. Nikiachia mguu inarudi. Na nikiizima jua la mchana haiwaki tena mpaka ipoe. Pampu ni ile ile ya diaframu (utando wa mpira) inayopigwa na kemshafti (mhimili wa injini unaofungua valvu). Nimebaki na njia tatu: niikarabati, niagize kopi isiyo ya asili kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, au niitoe niweke ya umeme. Mnasemaje?

chake_upepo
Umeme tu yakhe. Hizo pampu ni za wazee wetu.

mtu_wa_fumba
Wazee wetu hao hao ndio walioona 160J na ndugu yake Violet GT zikichukua Safari Rally 1979 mpaka 1982, mfululizo, dereva akiwa Shekhar Mehta. Heshima kidogo.

fundi_saateni
Taratibu jamani, maradhi hayajajulikana na dawa mshaandika.

Pampu hiyo inavuta na inasukuma. Kemshafti inabonyeza mkono, mkono unavuta diaframu, petroli inakuja kutoka kwenye tangi. Mkono ukiachia, kinachopeleka petroli kabureta ni springi peke yake. Kwa hivyo presha ni ya springi, si ya injini. Weber zinataka presha ya kama psi 3. Ukizidisha sana, sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, haifungi na kabureta inafurika.

Sasa piga hesabu. Injini ya nguvu za farasi 150 ikikanyagwa mpaka mwisho inakunywa kama lita 45 kwa saa, yaani robo tatu ya lita kila dakika. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, kemshafti iko 3,000, na mkono wa pampu unapigwa mara 50 kwa sekunde. Springi ya mkono ikichoka, mkono hauwahi kuifuata kemshafti. Mjini huwezi kulijua hilo, kwa sababu bakuli la kabureta linajaa kabla hujalimaliza.

Kabla hujatoa hata shilingi: legeza kofia ya tangi, endesha kidogo. Ikipona, tundu la hewa limeziba. Haikupona, chomoa waya wa koili ili injini isiwake, chomoa mpira unaoingia kabureta uutie kwenye chupa inayoonesha, kisha mtu apige stata. Injini iwe baridi na pasiwe na mwenye sigara karibu. Petroli iruke kwa nguvu, mruko mmoja sawa na mwengine. Ukiona mapovu, hewa inaingia upande wa kuvuta. Mpira uliopasuka upande huo hauvuji, unanyonya. Utatafuta tone mpaka magharibi na hulioni.

Halafu nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, diaframu imetoboka, na gari usiiwashe tena mpaka umetengeneza pampu na kubadilisha oili, maana oili hiyo inakula beringi.

chake_upepo
Sawa fundi, lakini lile la kutowaka na joto? Petroli inayovutwa inachemka mapema kuliko inayosukumwa. Pampu iko mbele, imefungwa kwenye hedi (kichwa cha injini) yenye moto, na inavuta kutoka tangi lililoko nyuma kabisa. Ya umeme unaifunga chini karibu na tangi, inasukuma njia nzima. Hapo mnanijibu nini?

bi_spana
Hapo umesema kweli, na kwa mashindano marefu mie mwenyewe ningeweka ya umeme. Ila msimwambie "funga usahau". Gari ikipinduka injini ikazima, pampu ya kemshafti inazima nayo. Ya umeme inaendelea kumwaga petroli maadamu swichi imewashwa. Lazima ipite kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), iwe na swichi ya presha ya oili inayoikata injini ikizima, na ile ya kukata gari ikigonga. Tundu la pampu ya zamani lizibwe kwa bati na gasketi, la sivyo utaoga oili. Na chumvi yetu hii kwenye viungo vya waya mnaijua wenyewe.

Kopi ndiyo siipendi. Nyengine mkono wake haulingani na wa asili, pima kabla ya kufunga. Nyengine zimebanwa kiwandani hazina skrubu, zikifa hazifunguki.

mwana_bububu
Nimerudi. Kofia haikubadilisha kitu. Chupa imejaa mapovu. Mpira wa karibu na tangi umepasuka chini ya klipu. Nimeubadilisha, mapovu yamekwisha, lakini geji inasoma chini ya psi 2. Oili hainuki.

fundi_saateni
Basi yalikuwa mawili. Na ungeweka ya umeme pale mbele kwenye mpira ule ule, ingevuta hewa vile vile.

Kwa psi hiyo, ikarabati. Kwanza ikwaruze alama kwenye pande zote mbili, ujue zilivyokaa. Tazama valvu zinaelekea wapi kabla hujazitoa. Ukiigeuza moja pampu haipeleki kitu. Pini ya mkono ikicheza, badilisha, kwani inakula mwendo wa diaframu. Springi usiivute kuirefusha, nunua. Diaframu iwe ya mpira unaostahimili petroli yenye alkoholi. Wakati wa kukaza skrubu, ubonyeze mkono mpaka mwisho, ukaze kwa kupishana. Ukikaza mkono umeachiwa, diaframu itavutika na haitodumu.

Kile kipande kinene kinachozuia joto baina ya pampu na hedi kirudishe na unene ule ule. Ukikipunguza mkono unabanwa, ukikizidisha mwendo unapungua. Kama hakipo kabisa, nusu ya shida yako ya joto iko hapo.

mwana_bububu
Hakipo. Kuna gasketi ya karatasi tu.

chake_upepo
Haya, nimekubali kwa leo. Ikikataa kuwaka tena na joto, ya umeme ninayo hapa Chake, njoo uijaribu.

bi_spana
Nipigie picha pampu upande wa skrubu. Kuna mtu anakuja na boti Ijumaa kutoka Dar, nitamwambia akutafutie diaframu, springi na hicho kipande. Vipimo viandike kwa milimita, usimwambie "kama cha zamani".