Picha za Arbeitsdienst (utumishi wa kazi) ya Ujerumani: nitajuaje ni za mwaka gani, na kama si nakala?

Albamu Kongwe:
Wakuu, habari za wakati huu. Nina albamu yenye picha 31 za nyeusi na nyeupe, nyingi za sentimita 6 kwa 9, chache za ukubwa wa postikadi. Ni vijana wa Kijerumani wenye sare, wamebeba sepetu begani kama bunduki. Mkono wa kushoto wana beji yenye umbo la bamba la sepetu na namba mbili, moja juu na nyingine chini. Nyuma ya baadhi pameandikwa "Agfa Lupex". Naomba msaada wa kujua miaka yake na kama ni halisi. Na je, nizibandue ili nisome migongo yote?

Kipimapicha:
Usibandue hata moja, mkuu. Mpangilio wa albamu ni ushahidi wenyewe: picha ya 4 ikijulikana tarehe, inaivuta ya 3 na ya 5. Piga kwanza kila ukurasa mzima, kisha zitoe zile tu zilizoshikwa kwa pembe za karatasi. Zilizogundishwa ziache zilivyo.

Beji hiyo ni ya Reichsarbeitsdienst, utumishi wa kazi wa taifa wakati wa Wanazi, kwa kifupi RAD. Namba ya juu ni kikosi (Abteilung), ya chini ni kundi (Gruppe) ambalo kikosi kimo ndani yake. Ukizisoma vizuri unaweza kutafuta kambi ilikuwa wapi. Skani kwa dpi 1200 sehemu ya bega, kwa rangi hata kama picha haina rangi, maana umanjano na wino hupotea ukiskani kijivu.

Kuhusu miaka, shika mipaka hii. Utumishi wa kazi wa hiari ulianza 1931. Sheria ya kuulazimisha kwa wanaume ni ya tarehe 26 Juni 1935, miezi sita kwa kila kijana, na kundi la kwanza la walioitwa kwa sheria liliingia Oktoba mwaka huohuo. Mwisho ni 1945. Ndani ya hapo, kitu kipya kuliko vyote katika picha ndicho kinachoamua. Ukiona kifuani utepe wa nishani ya utumishi wa RAD, picha si ya kabla ya 30 Januari 1938. Ukiona nishani ya ujenzi wa ngome za magharibi, si ya kabla ya Agosti 1939.

"Agfa Lupex" isikupe tarehe. Karatasi hiyo iliendelea kuuzwa baada ya vita.

Mwanahifadhi:
Naongezea upande wa uhalisi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoliwa fedha.

Chukua tochi ya kukagulia noti bandia, zima taa, mulika mgongo wa picha. Karatasi ya kabla ya miaka ya 1950 haikuwa na dawa ya kung'arisha weupe, hivyo inabaki hafifu. Ikiwaka buluu-nyeupe, karatasi ni ya baadaye. Gundi na madoa yanaweza kung'aa, kwa hiyo angalia sehemu safi.

Kisha ilaze picha, mulika kwa pembeni. Mkunjo halisi huonekana na pia hushikika kwa ukucha. Ukiuona mkunjo lakini uso ni laini kabisa, hiyo ni picha ya picha. Kwa kioo cha kukuza mara 10, nukta ndogondogo zilizopangika ni za mashine ya uchapishaji. Picha halisi ya zamani mara nyingi ina mng'ao kama wa madini ya fedha kwenye kingo na sehemu nyeusi, unaoonekana ukiinamisha.

Maandishi ya kalamu ya bolpeni yaliongezwa baada ya vita. Hayaiharibii picha uhalali, ila usiyachukulie kama tarehe. Muhuri wa studio wenye namba ya posta ya tarakimu nne ni wa 1961 au baadaye.

Albamu Kongwe:
Asanteni sana. Tochi haikuwasha chochote. Kuna picha mbili za wasichana wenye vitambaa kichwani na aproni nyeupe. Na kitambaa cha mkononi cha vijana, kwenye baadhi ya picha ni cheusi, kwenye nyingine kijivu. Ni sare mbili tofauti?

Kipimapicha:
Inaweza kuwa sare ileile. Kitambaa kilikuwa chekundu, na filamu za othokromatiki, zisizoona nyekundu, ziliigeuza kuwa karibu nyeusi. Filamu za pankromatiki, zinazoona rangi zote, zinaipa kijivu. Basi usitofautishe mwaka kwa weusi wa kitambaa.

Wasichana hao huenda ni tawi la wanawake: gauni la buluu, aproni nyeupe, kitambaa chekundu kichwani. Kwao ulazima ulikuja Septemba 1939, lakini kabla ya hapo walikuwepo wa hiari. Tafuta bizimu shingoni yenye swastika na masuke ya ngano.

Mwanahifadhi:
Hifadhi: mifuko ya poliesta au polipropilini, kamwe si PVC, ambayo hutoa mvuke na kunatana na picha. Kama uko pwani, weka vipakiti vya silika jeli kwenye boksi lililofungwa, na vikaushe vikilowa. Unyevu wa asilimia 30 hadi 50 ndio unaofaa. Ukizidi sana, jelatini (tabaka la juu lenye picha) hulegea na kuvu huingia. Namba ya picha iandike kwenye mfuko.

Ukiuza au kuonyesha mtandaoni, ujue Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na historia. Wauzaji wa huko hufunika swastika kwenye tangazo. Funika kwenye skani, usiguse picha yenyewe.