Mjadala: Mipira ya yurethini ifungiwe kwenye ligi yetu ya bowling ya Jumamosi?

KatibuWaLigi: Wana-Columbus, habari za usiku. Baada ya zile kelele za Jumamosi, naomba maoni kabla ya kura. Wenye mipira ya ganda la rezini wanadai wenye ganda la yurethini wanasogeza mafuta yanayopakwa kwenye leni, ile njia ya mbao nyembamba tunayoviringishia mpira, mpaka mwisho wake, na mchezo wa tatu ukifika mipira yao haipindi tena. Semeni, ila kwa adabu.

MzeeWaSpea: Ifungiwe hata leo. Yurethini hainywi mafuta, inayazoa pale mbele na kuyamwaga kule ambako palitakiwa kuwa pakavu. Rezini yangu ikifika hapo haishiki, inateleza tu, pini ya 10 inabaki imesimama inanicheka. Hata USBC, chama cha bowling cha Marekani, waliufungia ule mpira wa yurethini wa Purple Hammer mwaka 2020.

BintiPwani: Shikamoo mzee. Ni 2022, tena zile zilizotengenezwa 2016 na 2017 tu, kwenye mashindano yao ya kitaifa, kwa kuwa zilikutwa laini kuliko kipimo. Ya 2020 ni marufuku ya tundu la ziada la kusawazisha uzito.

MzeeWaSpea: Marahaba. Laini, ngumu, si zimefungiwa?

FutiSitini: Ngojeni jamani. Rezini ndiyo inayokausha leni. Sisi tunachezea mafuta ya kawaida ya ukumbi, yamejaa katikati, pembeni yamepakwa kidogo tu. Mkirusha rezini sita juu ya ubao uleule wa 10 jioni nzima mnajichimbia njia kavu, mpira unapinda mapema. Hapo hamlaumu mtu, mnahama mbao mbili kushoto. Angalieni mpira wangu ukirudi: mstari wa mafuta bado unang'aa, napitisha taulo unatoka wote. Wa mzee unarudi mstari umeshafifia kabla hajaugusa. Mafuta yameenda wapi?

MzeeWaSpea: Wewe unayerusha kwa mikono miwili kama unamwaga maji ya kudeki ndiye wa kunifundisha leni?

FutiSitini: Haya, tumeshatoka kwenye mafuta tumeingia kwenye mikono yangu. Jason Belmonte anarusha hivihivi na ana mataji makubwa 15 ya PBA, ligi ya wachezaji wa kulipwa. Mzee una mangapi?

KidoleGumba: Belmonte akija Columbus tutamruhusu. Wewe wastani wako pointi 158 kwa mchezo.

FutiSitini: 171.

KidoleGumba: Kwenye mafuta ya ukumbi, ambayo ukikosea yanakurudisha katikati. Hebu kacheze yale ya mashindano, katikati na pembeni uwiano hauzidi 3 kwa 1, ndipo uje na hiyo 171 yako.

BintiPwani: Mwanangu ana miaka 11, anarusha kwa mikono miwili. Hayo maji ya kudeki mmemwagia na yeye?

MzeeWaSpea: Mtoto simsemi, dada yangu. Mtoto mkono haujakomaa. Huyu ana ndevu!

FutiSitini: Ndevu zinahusu nini? Mikono miwili inaupa mpira mzunguko mwingi. Nikirusha rezini hapa, ikikanyaga pakavu inakata kwa nguvu inavuka kabisa pini ya mbele. Yurethini inapinda taratibu, naweza kuitabiri. Mkiifungia mmetufungia sisi tunaorusha hivi, basi semeni wazi.

KidoleGumba: Kumbe! Kwa hiyo mpira ndio unaokuficha.

FutiSitini: Na wewe rezini ya dola 200 inakuficha nini?

KatibuWaLigi: Narudia swali. Yurethini: ndiyo au hapana? Mikono haipigiwi kura.

MzeeWaSpea: Ipigiwe.

MgeniTu: Samahani wakubwa, mimi natumia ule mpira wa buluu wa hapo ukumbini. Kura inanihusu?

BintiPwani: Huo ni plastiki, haunywi hata tone. Kwa hesabu ya mzee, wewe ndiye msogeza mafuta namba moja.

MgeniTu: Basi niuache?

FutiSitini: Muulize mzee. Spea zake zote, zile pini zinazobaki baada ya mrusho wa kwanza, anapigia plastiki.