Mtunzi aandike nota za kinanda, au mpigaji ajitegemee?

Besi wa Majengo: Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili bila matusi. Kwaya zetu Moshi na Arusha zinapokea nyimbo mpya kila kukicha, fotokopi ya solfa (zile nota za do re mi), soprano alto teno besi zimekaa vizuri kabisa, halafu ukitafuta kinanda kinafanya nini hukuti kitu. Juu pameandikwa "do = G", basi. Utangulizi mpigaji atajua mwenyewe, katikati atajua, mwisho atajua. Ndo maana wimbo uleule ukiusikia Kibosho na ukiusikia Njiro utasema ni nyimbo mbili. Wenzetu wanaotungia kwaya mchanganyiko na piano siku hizi, chukua John Rutter wa Uingereza, piano ina kazi yake, inaanza kabla ya watu, inajibu pale watu wanapovuta pumzi, wote wakiimba sauti moja yenyewe ndo inashika kodi (chords, nota kadhaa kwa pamoja). Kwangu mtunzi asiyeandika kinanda hajamaliza wimbo. Na kwa kuwa tuko hapo hapo, alto wengi wa huku wanaimba soprano iliyoshushwa, mpigaji inabidi apige sauti zote nne ili wasipotee.

Alto Mkongwe: Kaka ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Alto gani hao? Wewe ushawahi kuangalia mstari wetu? So, so, so, so, fa, so. Nusu ukurasa. Besi mnapewa kuruka juu chini mnaimba peke yenu "aleluya" mara nne watu wanageuka kuwatazama, sie tunashikilia so huku soprano wanapiga kelele sikioni. Tupeni melodi ya maana muone kama tutapotea.

Teno Pekee: 😂😂 aisee alto wamewaka. Ila kweli dada, so ya alto ni kama zamu ya mlinzi wa usiku, hakuna anayekuona mpaka usinzie.

Mpigaji Sakina: Mimi nijibu la kinanda. Nota za stafu, zile za mistari mitano, nitasoma, wengine wengi hawasomi, na sio wavivu, wamefundishwa solfa na mwalimu aliyefundishwa solfa. Anapiga kila kitu kwenye C halafu anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti yote, na misa inaenda vizuri tu. Pili, kinanda chenyewe kina funguo 61. Piano ina 88. Huyo Rutter mkono wa kushoto akishuka chini mimi nikamfuate wapi, kwenye meza? Pedali yenyewe ya kuvuta sauti ilikatika waya tangu Pasaka. Mnataka mtunzi aandike vitu vya piano nzima kwa kinanda ambacho adapta yake imefungwa na selotepu.

Kiboriloni Boy: Kanisa lenyewe, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulisema ogani tu, mambo ya piano na mabiti ni ya baa.

Mpigaji Sakina: Nani kakwambia? Hati ya Mtaguso huo kuhusu liturujia, ya 1963, kifungu cha 120, inasema ogani ya mabomba ipewe heshima kubwa, halafu inaendelea kwamba vyombo vingine vinaruhusiwa mamlaka ya eneo ikikubali na vikifaa kwa matumizi matakatifu. Soma mpaka mwisho bwana mdogo. Ila mtu anayeweka staili ya rege wakati wa komunio huyo simtetei.

Kiboriloni Boy: Bwana mdogo ni wewe.

Mzee wa Tarumbeta: Vijana mnanichekesha. Sisi Walutheri wa mlimani koral, ule wimbo wa kanisa wa sauti nne, tunaipiga kwa tarumbeta, nje ya kanisa, Tanesco wakate wasikate. Hakuna transpozi, hakuna adapta.

Alto Mkongwe: Shikamoo mzee. Tarumbeta nazo mnampa nani ile sauti ya pili, na yeye anapiga so?

Mzee wa Tarumbeta: Marahaba mwanangu. Anapiga so, na halalamiki.

Nota Kwanza: Turudi kwenye hoja jamani. Kusema kinanda duni ndo sababu sikubali. Rossini, mtunzi wa Italia, ile misa yake ya 1863 aliandikia waimbaji kumi na wawili, piano mbili na hamoniamu. Hamoniamu! Chombo cha kukanyaga upepo. Alijua ana nini chumbani akaandikia hicho hicho. Mtunzi wa Arusha anajua kabisa kinanda cha kigango ni funguo 61, basi aandikie 61. Mistari minne ya utangulizi tu, na pale katikati ya beti. Nani atakufa?

Teno Pekee: Ila upande wa pili pia upo. Ola Gjeilo, Mnorwe, ana Ubi Caritas aliyoitunga ya sauti tupu bila chombo, halafu yeye mwenyewe amekaa kwenye piano akabuni sehemu ya piano papo hapo juu ya kwaya na kurekodi. Kwa hiyo kubuni sio dhambi.

Nota Kwanza: Anabuni juu ya wimbo wake mwenyewe mkuu. Mpigaji wetu anabuni juu ya wimbo alioupata Alhamisi.

Mpigaji Sakina: Alhamisi ni kama nina bahati. Mara nyingi ni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, mwalimu ananisogezea karatasi anasema "huu rahisi". Halafu mnakuja hapa kuniita mbunifu wa ovyo. Mnajua napewa nini? Soda. Harusini bwana harusi anamlipa MC, anamlipa mpambaji, mimi naambiwa Mungu atakulipa, natoka Sakina kwa bodaboda yangu.

Mweka Hazina: Hapo sasa unaleta siasa. Kwaya ni utume. Waimbaji wote arobaini wanalipwa na nani?

Mpigaji Sakina: Mwimbaji mmoja asipokuja wimbo unaimbwa. Mimi nisipokuja mnanipigia simu mpaka kwa mama yangu. Na hela mnazo, vitenge vya sare vinabadilishwa Pasaka na Krismasi, adapta mnaniambia nisubiri bajeti.

Mweka Hazina: Sare kila mwanakwaya anajilipia mfukoni, usiongee kama ni sadaka za parokia. Kinanda kipya ni mpaka Desemba watu warudi nyumbani kutoka Dar ndo tupitishe bahasha, kila mwaka tunafanya hivyo. Mnaoona tunachelewa andikeni hapa hapa kila mtu anatoa shilingi ngapi.

Teno Pekee: Mtandao unasumbua huku kwetu 🙈

Alto Mkongwe: Mie elfu ishirini, iandike mweka hazina. Besi wa Majengo tunakusubiri.